Giza la Kibiti ni mali: Nani atapima mawe ya angani?

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa mwaka 2025 wanasayansi wa mataifa mbalimbali walilifuatilia kwa wasiwasi jiwe moja la angani lililopewa jina la 2024 YR4. Jiwe hilo, lenye upana wa takriban mita 60, liligunduliwa Desemba 27, 2024 kwa darubini iliyoko Chile, na hesabu za awali zilionyesha kwamba lingeweza kuigonga dunia Desemba 22, 2032. Februari 18, 2025 uwezekano huo ulifikia asilimia 3.1, kiwango ambacho hakijapata kutolewa kwa jiwe jingine lolote la ukubwa huo.

Ukanda wa hatari uliochorwa katika ramani ulianzia Bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika Kusini, ukavuka Atlantiki na bara la Afrika hadi Asia ya Kusini. Nigeria, Sudan na Ethiopia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Kabla ya mwezi huo kwisha, vipimo zaidi vya njia ya jiwe hilo viliondoa hofu ya dunia kugongwa, na habari ikatoweka katika kurasa za mbele za magazeti.

Kuna jambo moja ambalo halikuzungumzwa sana. Katika siku hizohizo wanasayansi waligundua kwamba jiwe hilo hujizungusha mara moja kila baada ya dakika 19 na nusu hivi. Hakuna aliyeliona likizunguka, kwani hata katika darubini kubwa lilikuwa nukta tu ya nuru. Kilichopimwa ni namna nukta hiyo ilivyokuwa ikiongezeka na kupungua mwangaza.

Kazi ya namna hiyo haihitaji darubini za mabilioni ya fedha pekee. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya vipimo vya aina hii duniani imefanywa na wanafalaki wa ridhaa, yaani watu wenye kazi zao nyingine ambao usiku huelekeza darubini zao angani. Wanachohitaji ni chombo cha wastani, kamera, subira na anga lenye giza. Katika mambo hayo manne, lile la mwisho ndilo gumu zaidi kununua, nalo Wilaya ya Kibiti na delta ya Mto Rufiji wanalo bila kulipia hata senti.

Uchambuzi huu unajenga hoja kwamba giza hilo ni rasilimali, na kwamba Tanzania ina muda mfupi wa kuamua kama itaitumia.

Mfano wa muhogo

Asteroidi ni mawe yanayolizunguka jua, mengi yakiwa kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, na machache yakipita karibu na dunia yetu. Hayatoi nuru yake yenyewe, bali huakisi ile ya jua. Ni machache sana yenye umbo la duara kamili.

Mkulima wa Kibiti anaweza kuelewa kipimo chake kwa kuufikiria muhogo uliofungwa kamba katikati na kuzungushwa mbele ya taa. Ukielekeza ubavu wake mrefu kwa mtazamaji, nuru nyingi humfikia. Ukielekeza ncha, nuru hupungua. Katika mzunguko mmoja kamili ubavu hujitokeza mara mbili na ncha mara mbili. Kwa hiyo mtu aliye mbali, asiyeuona muhogo bali nuru yake tu, akihesabu vilele viwili na mabonde mawili ya mwangaza, anajua kwamba mzunguko mmoja umekamilika.

Ndivyo inavyofanyika kwa asteroidi. Kamera iliyofungwa katika darubini hupiga picha baada ya kila dakika moja au mbili usiku kucha. Katika kila picha, mwangaza wa asteroidi hulinganishwa na ule wa nyota zilizo jirani nayo, ambazo mwangaza wake haubadiliki. Ulinganisho huo ni muhimu, kwa sababu wingu jembamba au ukungu ukipita hufifisha vyote kwa pamoja, na uwiano hubaki palepale. Baadaye kompyuta huzipanga namba hizo katika grafu, na usiku wa kwanza huunganishwa na wa pili na wa tatu hadi umbo la vilele na mabonde linapojirudia bila shaka.

Njia hiyo si ngeni. Mwaka 1901 mwanafalaki Egon von Oppolzer alibaini kwamba mwangaza wa asteroidi Eros unapanda na kushuka. Leo inafahamika kwamba Eros hujizungusha kwa saa 5 na dakika 16 hivi. Chombo cha Marekani kilipoifikia mwaka 2000 na kuipiga picha kwa karibu, kilikuta jiwe refu lenye urefu wa kilomita zaidi ya 30, kama grafu za mwangaza zilivyokuwa zimeashiria kwa muda mrefu.

Faida ya kujua kasi hiyo inavuka udadisi. Asteroidi nyingi zenye upana wa zaidi ya mita 150 hivi hazijizungushi kwa kasi inayozidi mzunguko mmoja kwa saa 2.2. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyingi kati ya hizo si mwamba mmoja, bali ni marundo ya mawe na vumbi yaliyoshikamana kwa mvutano hafifu, ambayo yangezungushwa kwa kasi zaidi yangesambaratika. Anayetaka kulisukuma jiwe lisiigonge dunia hana budi kujua kwanza kama anasukuma mwamba au lundo la kokoto.

Nairobi ilivyotangulia

Septemba 26, 2022 chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligongeshwa kwa makusudi kwenye Dimorphos, jiwe lenye upana wa takriban mita 160 linaloizunguka asteroidi kubwa zaidi, Didymos. Hilo lilikuwa jaribio la kwanza la binadamu la kubadili mwendo wa jiwe la angani. Kwa saa za Afrika Mashariki tukio lilitokea saa 8:14 usiku wa kuamkia Septemba 27.

Matokeo yake yalipimwa kwa njia ileile ya mwangaza. Kila Dimorphos inapopita mbele au nyuma ya Didymos, nuru ya pamoja ya mawe hayo hupungua kidogo. Kabla ya kugongwa ilikuwa ikimaliza mzunguko mmoja kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa, muda huo ulishuka hadi saa 11 na dakika 23. Dunia ilijua kwamba jaribio limefanikiwa kwa sababu kulikuwa na watu waliopima kupungua huko kwa nuru.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna sehemu ya habari hii inayostahili kukumbukwa. Dakika ya mgongano, mifumo hiyo ya mawe ilikuwa katika anga la upande wetu wa dunia. Darubini ndogo zilizokuwa kisiwani Réunion pamoja na moja iliyokuwa Nairobi zilinasa mlipuko wa nuru ulipotokea. Vyombo vya aina hiyo vina kioo chenye upana wa sentimita 11 hivi, chini ya upana wa sahani ya chai. Majina ya Susan Murabana na Daniel Chu Owen, waasisi wa mpango wa Travelling Telescope wa Kenya unaopeleka darubini mashuleni, yamo katika orodha ya waandishi wa utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2023.

Katika tukio hilo mahali alipo mtazamaji palikuwa na uzito kuliko ukubwa wa chombo. Darubini kubwa iliyoko upande ambao ni mchana haina msaada wowote, na ndogo iliyoko mahali sahihi huandika historia.

Kwa nini Kibiti

Kibiti ipo kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Dar es Salaam. Mashariki yake imetanda delta ya Rufiji yenye misitu ya mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, ambako vijiji vya Salale, Kiongoroni na Mbwera hufikiwa kwa mashua. Usiku usio na mwezi, mtu aliye katika visiwa hivyo huiona Njia Nyeupe ya nyota ikiwa imetanda kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Mkazi wa Kariakoo au Sinza hajaiona kwa miaka mingi, na vijana wengi wa jijini hawajapata kuiona kabisa.

Mbali na giza, Kibiti ina nafasi nzuri katika ramani. Iko karibu na nyuzi 8 kusini mwa ikweta, hivyo huona karibu anga lote la kusini na sehemu kubwa ya lile la kaskazini. Kwa longitudo iko karibu na nyuzi 39 mashariki, takriban katikati ya darubini za mashariki mwa Australia na zile za Chile. Usiku huingia Kibiti saa saba hivi baada ya kuingia Australia hiyo, na saa saba hivi kabla ya kuingia Chile.

Nafasi hiyo ina maana kubwa. Asteroidi inayojizungusha kwa saa 24 au 12 kamili humwonyesha mtazamaji wa mahali pamoja upande uleule kila usiku, hata akae mwezi mzima. Ili kuona pande nyingine ni lazima mtu wa longitudo nyingine apokee zamu, mithili ya walinzi wanaopokezana lindo.

Ni kweli kwamba Afrika Kusini na Namibia zina vituo vikubwa katika eneo hilo la dunia. Hata hivyo, sehemu za kusini-magharibi mwa Afrika Kusini hupata mvua zake kati ya Juni na Agosti, miezi ambayo Kibiti huwa katika kiangazi. Wingu likifunga kule, huku huenda kukawa kweupe.

Ipo pia hoja ya majina. Kati ya mwaka 1933 na 1937 mwanafalaki Cyril Jackson, akifanya kazi Johannesburg, aligundua asteroidi kadhaa zilizopewa majina ya Afrika. Zimo Kenya na Uganda, na zipo tatu zilizofuatana katika daftari la kimataifa: namba 1427 ni Ruvuma, 1428 ni Mombasa na 1429 ni Pemba. Ile iitwayo Kenya ni miongoni mwa zile zinazojizungusha polepole mno, mzunguko wake mmoja ukikadiriwa kuchukua saa 188, yaani zaidi ya siku saba. Usiku mmoja wa kutazama kwa saa tisa huonyesha takriban sehemu moja kati ya 20 za mzunguko huo. Anayetaka kuupima lazima akeshe usiku baada ya usiku. Majina yetu yako angani, lakini wakeshaji wake kwa sehemu kubwa wamekuwa watu wa mbali.

Kukesha kwa namna hiyo si kitu kigeni kwa watu wa pwani. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa huacha kwenda baharini wakati wa mbalamwezi na kurudi wakati wa giza. Kalenda ya mpimaji wa asteroidi ni ileile, kwa kuwa mwezi mpevu humeza nuru hafifu anayoitafuta. Wakulima wa pwani walisoma majira kwa kundi la nyota la Kilimia muda mrefu kabla ya utabiri wa redioni. Kilichokosekana ni chombo cha kuigeuza desturi hiyo ya kutazama juu kuwa namba.

Vikwazo visivyofichika

Itakuwa si haki kuzungumzia giza la Kibiti bila kukumbuka kwamba kwa miaka kadhaa giza hilo lilikuwa na maana nyingine. Kati ya mwaka 2015 na 2017 mauaji ya viongozi wa vijiji, wananchi na askari yalizitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa wilayani Kibiti, na miezi iliyofuata pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku. Familia zilijifungia mapema. Mtu asiyejulikana aliyesimama shambani saa nane za usiku na bomba refu mkononi asingeeleweka hata kidogo.

Kwa sababu hiyo kazi ya namna hii haiwezi kuanzishwa na wageni wanaoshuka na vyombo vyao na kuondoka asubuhi. Lazima ipitie serikali ya kijiji, iwe na ulinzi unaofahamika, na iwe mikononi mwa watu wa hapohapo. Shule ya sekondari yenye bweni, mwalimu wa fizikia na mlinzi wake ni mahali pa kuanzia panapoeleweka na kila mtu.

Kikwazo cha pili ni hali ya hewa. Masika ya Machi hadi Mei hufunga anga, na vuli hulifunga tena mwishoni mwa mwaka. Hewa ya delta ina unyevu na chumvi, maadui wa vioo na nyaya. Chombo kisichohifadhiwa katika sanduku kavu huota ukungu kwenye kioo na kuharibika. Ndiyo maana eneo la nchi kavu, magharibi ya barabara kuu, linafaa zaidi kwa kuweka darubini ya kudumu kuliko visiwa vyenyewe, ingawa visiwa vina giza zaidi.

Cha tatu ni hoja ya vipaumbele, nayo ni nzito. Aprili 2024 mafuriko yaliwaondoa wananchi wengi katika makazi na mashamba yao Rufiji na Kibiti. Mzazi ambaye mwanawe anasoma katika shule isiyo na maabara ana haki ya kuuliza darubini itamsaidia nini.

Jibu la haki ni kwamba darubini haichukui nafasi ya maabara, wala ya tuta la kuzuia maji. Lakini chombo kimoja cha wastani chenye kamera na kompyuta hufundisha kwa pamoja mambo ambayo mtaala huyagawa katika vitabu vitano: nuru, mwendo, takwimu, jiografia na matumizi ya kompyuta. Tena humpa mwanafunzi jambo adimu katika shule zetu, nalo ni namba ambayo hakuna mwalimu anayeijua jibu lake mapema. Jarida la Minor Planet Bulletin, lililoanza mwaka 1973, huchapisha vipimo vya namna hiyo na halimbagui mwenye darubini ya uani. Linachodai ni saa sahihi, picha safi na hesabu za uaminifu.

Hamu ya umma ipo. Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa na kubaki mfano wa pete, wananchi walimiminika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ametumia miaka mingi kuufundisha umma elimu ya anga. Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani nyingi kilichoanguka kutoka huko huko angani, hutembelewa na wanafunzi kila mwaka. Kilichopungua ni hatua ya kutoka kutazama hadi kupima.

Usiku wa Aprili 2029

Muda wenyewe unakimbia. Aprili 13, 2029 asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita takriban kilomita 32,000 tu kutoka uso wa dunia, chini ya kimo cha satelaiti nyingi za mawasiliano. Haitatugonga, hilo limethibitishwa. Itakaribia zaidi saa 6:46 usiku kwa saa zetu, na Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako itaonekana kwa macho matupu, ikisogea kama nyota ya kawaida iliyoamua kutembea. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2029 kuwa mwaka wa kimataifa wa uelewa kuhusu asteroidi na ulinzi wa dunia.

Apophis hujizungusha kwa kuyumba, kama pia inayokaribia kuanguka. Wanasayansi wanatarajia kwamba mvutano wa dunia utaubadili mzunguko huo, na grafu za mwangaza za kabla na baada ya kupita kwake ni njia mojawapo ya kujua umebadilika kiasi gani. Tukio kama hilo kwa jiwe la ukubwa huo ni adimu mno. Vizazi vingi hupita bila kulishuhudia.

Usiku huo utaangukia mwezi mwandamo. Hakutakuwa na mbalamwezi, na katika delta maji yatakuwa ya bamvua. Lakini pia itakuwa katikati ya masika, na wingu moja linaweza kuharibu yote. Nchi inayotegemea usiku mmoja inacheza bahati nasibu. Nchi iliyo na wapimaji Kibiti, Dodoma na Singida, waliokwisha kufanya mazoezi kwa asteroidi za kawaida kwa misimu miwili au mitatu, ina nafasi nzuri ya kupata angalau anga moja lililo wazi.

Wakati huohuo mji wa Kibiti unakua. Umeme wa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, unazalishwa katika mto huohuo wa Rufiji, na ni haki ya wakazi wa bonde hilo kuufaidi kabla ya wengine. Hakuna anayepaswa kuwataka wabaki gizani kwa ajili ya nyota. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba taa za barabarani zinazowekwa zina kofia inayoelekeza nuru chini, penye watembea kwa miguu, badala ya kuimwaga juu ambako haimsaidii mtu. Taa ya namna hiyo huangaza barabara vizuri na kupunguza upotevu wa umeme. Halmashauri inaweza kuamua hilo sasa, wakati nguzo nyingi bado hazijasimikwa. Kubadilisha baadaye ni gharama.

Aprili 13, 2029 itatimiza miaka 12 kamili tangu siku ile ya mauaji ya askari wanane. Yatakuwa mabadiliko makubwa kwa Kibiti iwapo, katika tarehe hiyohiyo, watoto wa wilaya watakuwa nje na walimu wao wakilikabili giza lilelile bila hofu, wakiandika namba ambazo dunia nzima itazisubiri. Hilo halitatokea kwa kungojea. Vyombo vinahitaji kununuliwa, walimu kufundishwa na mazoezi kuanza katika kiangazi kijacho, kwani mwenye kujifunza kupima usiku wa tukio lenyewe atakuwa amechelewa.